Matanga Tusiyohudhuria

Ukiteremka Ukunda siku hizi, mjukuu wangu, ukaanza kuhesabu makanisa kutoka barabara kuu ya Lunga Lunga hadi kule ufuoni Diani, utachoka kabla hujamaliza. Yapo ya mawe, yapo ya mabati, yapo ya turubali, na mengine yana vipaza sauti vinavyomnyima jirani usingizi wa Jumapili. Mimi nilipofika mwaka 1981 tulikuwa tukisali chini ya banda la makuti, mabenchi yake yakiwa mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa hoteli, na mvua ikinyesha mhubiri alinyamaza mpaka ipite. Karibu sote tulikuwa watu wa bara: Wakamba wachonga vinyago, Waluo wapishi na mafundi wa mota, Wakikuyu wenye maduka, Wataita makarani, na askari polisi wachache waliokaa nyuma ili wakiitwa watoke bila kusumbua. Wadigo wenyewe, wenye nchi, ni Waislamu tangu enzi za mababu zao, na msikiti wa Kongo pale mto Mwachema unapomwaga maji baharini ulikuwa mkongwe kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Kazi yangu ilikuwa udobi katika hoteli moja ya ufuoni. Mshahara ulikuwa shilingi 640 kwa mwezi na mlo mmoja, na chumba nilipanga kwa shilingi 60 katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati. Mpaka leo nikinusa mafuta ya jua, yale wanayojipaka wazungu ili wasiungue, nakumbuka shuka zilizoloa mafuta yenye harufu ya nazi, mvuke wa pasi kubwa, na wanga uliotuganda vidoleni hadi kucha zikawa nyeupe. Asubuhi kabla ya zamu nilipitia kwa mama mmoja wa Kidigo aliyekaanga mahamri mbele ya nyumba yake, shilingi moja kila moja, na mbaazi za nazi kwenye bakuli la bati. Alikuwa na uso mpana na jino moja la dhahabu, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alijua nani anakopa, nani analipa, na nani hulipa tu akiwa ameonekana. Jumapili tulivaa suti zetu, tukapita mbele ya mama yule na Biblia kwapani, tukaenda kuimba. Tulikuwa na zamu ya nyimbo za Kikamba, zamu ya Kijaluo, kisha za Kiswahili ili mgeni asijione ametengwa. Ibada ikiisha tulizungumza habari za kwetu: mvua imenyesha wapi, nani amejenga, nani amefiwa. Kwetu maana yake ilikuwa bara. Hapa palikuwa kazini.

Nakueleza haya ili uelewe Agosti ya mwaka 1997 ilipotukuta. Usiku wa Jumatano tarehe 13 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita, wakabeba bunduki, wakachoma vibanda na nyumba. Sisi wa Diani hatukujua lolote mpaka Alhamisi asubuhi, tulipokaa stendi tukingoja matatu za kutoka feri na zisitokee. Kusi lilikuwa linavuma, hoteli zimejaa Wajerumani, na meneja wetu akatuambia tupige pasi kama kawaida. Siku zilizofuata zikaanza kuonekana karatasi zilizoandikwa kwa mkono, zikibandikwa kwenye minazi na milango ya maduka, zikiwaambia wabara warudi kwao. Bei ya kuondoka ikapanda kuliko bei ya unga. Matatu ya Likoni tuliyoizoea kwa shilingi 30 ikawa 100, halafu 200, halafu dereva hataki pesa tena, anataka roho yake.

Usiku vibanda vya vinyago vilipochomwa, sikuona moto wenyewe; niliunusa. Muhugu ni mti wenye manukato, na ukiteketea kwa wingi, twiga na tembo na vikombe vya kuwekea kalamu vyote pamoja, unanukia kama uvumba. Nimewahi kusikia wahubiri wakisifu uvumba. Mimi tangu usiku ule siupendi. Yule mama wa mahamri alikuja mlango wa nyuma kabla ya alfajiri, hakubisha hodi, akamrushia bibi yako buibui na leso mbili, akasema, "Vaa, mwanangu, usiseme neno njiani, Kiswahili chako kina Machakos." Akatutembeza kwa vichochoro mpaka kituo cha polisi, yeye mbele, mtoto wetu mgongoni mwake. Watu wawili walimsimamisha wakamuuliza hao ni nani. Akawajibu kwa Kidigo, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali ya kijinga. Hawakutuuliza dini. Waliokuwa wakiulizwa usiku ule waliulizwa kabila, na walikuwapo Wakamba na Waluo Waislamu, waliosali msikiti mmoja na hao wauliza maswali, nao wakafukuzwa vilevile.

Lori la polisi lilitupeleka Likoni, tukaangukia kwenye uwanja wa kanisa Katoliki pamoja na maelfu ya wengine. Mimi si Mkatoliki, unajua, na bara nilikolelewa tulifundishwa kuwatazama Wakatoliki kwa jicho la pembeni. Pale hapakuwa na nafasi ya jicho la pembeni. Tulilala bega kwa bega, Mwanglikana na Mpentekoste na mtu wa Legio Maria na kanzu yake, na uji ulikuwa mmoja. Kulinukia moshi wa kuni mbichi, dawa ya vyoo, magodoro yaliyolowa na nepi za watoto. Usiku vijana wa kwetu walikusanyika nyuma ya ukuta. Walikuwa na pinde, na mtu mmoja alikuwa amepata sumu ya mishale, ile yetu ya Ukambani. Walisema polisi wameshindwa, sasa ni zamu yetu. Katekista mmoja mzee, Mluo mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawafuata na daftari la ubatizo na kalamu. Hakuwahubiria. Alikaa chini akasema, "Haya, niambieni majina ya mnaokwenda kuwaua, niandike." Wakanyamaza. Majina waliyoyajua ya Wadigo yalikuwa ya mwenye nyumba, ya muuza madafu, ya mvuvi aliyewakopesha, ya mama kama yule wetu. Wa bunduki hawakumjua hata mmoja. Mzee akangoja, kalamu mkononi, kama karani wa benki. Wengi walirudi kulala. Wachache walitoka hata hivyo, na sitakuambia kwamba sote tulikuwa watakatifu, maana hatukuwa.

Baadaye mengi yalisemwa. Uchaguzi ulikuwa Desemba, vyama vingi vikishindana na Rais Moi, na kura za wabara wa Likoni zilijulikana zinaelekea wapi. Wengi waliokimbia hawakupiga kura. Tume ya Jaji Akiwumi ilikaa, ikasikiliza habari za viapo vya msitu wa Kaya Bombo na za wanasiasa, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 2002, wakati walioungua wameshasahaulika. Zaidi ya watu mia moja walikufa, na waliohama inasemekana walifika laki moja. Watalii nao wakakimbia. Hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine, halafu mvua za El Niño zikaja kumalizia barabara. Wenzetu wengi hawakurudi Diani tena. Mimi nilirudi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kwa nusu mshahara, kwa sababu ya shilingi na si kwa sababu ya maono. Chumba changu kilikuwa kimefagiwa. Yule mama alinipa ufunguo, akaniambia bila kupepesa macho, "Vyombo vyenu vyote vipo. Kuku nimewala, msiwaulize." Nikamrudishia buibui. Akalinusa, akanitaka nikalifue upya, mimi si dobi?

Siku moja jioni, katika baraza la nyumba yake, mzee mmoja wa msikiti aliyekuwa ndugu ya marehemu mumewe alinikalisha. Alinimiminia kahawa ya tangawizi, akaniambia jambo ambalo sijalisikia kanisani kokote. Alisema waliochoma vibanda ni wahuni na wametiwa aibu na damu. Lakini, akasema, nyinyi watu wa Isa mmekaa hapa miaka mingapi? Mnanunua samaki wetu, mnapanga nyumba zetu, mnaimba vizuri. Ufuo wote una hati za wakubwa wa Nairobi, na kijana wetu akienda hotelini kuomba kazi anaambiwa nafasi zimejaa, zimejaa watu wa kwenu. Hilo si kosa lako wewe dobi. Ila mtu akifa kijiji hiki, ukumbi ukajaa, matanga siku tatu, sijawahi kumwona Mkristo hata mmoja akaja kutuhani. Na nyinyi akifa mtu wenu, mnamfunga kwenye sanduku usiku, mnampandisha gari, anakwenda. Tutajuaje kwamba mlikuwa mnaishi hapa?

Niliipeleka habari ile kanisani, na baraza la wazee likagawanyika. Walikuwapo waliosema sisi ni wapita njia duniani, kwetu ni mbinguni, na mambo ya matanga ya Waislamu hayatuhusu. Wakataja waraka wa kwanza wa Petro, ulioandikwa kwa waumini waliotawanyika ugenini. Mchungaji wetu, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akawataka wausome waraka wote, wasiishie mlangoni. Wageni wale wa Asia Ndogo hawakuambiwa wafunge mizigo. Waliambiwa waishi kati ya majirani wasioamini kwa namna ambayo hata anayewasingizia atakosa la kusema. Akawakumbusha pia barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli: wajenge, wapande, wautafutie amani mji uliowachukua mateka. Halafu akamtaja mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga upande wa bara wa Mombasa. Kwa miaka hakuwa na waumini wa kujivunia. Alikuwa na wafu wawili aliowazika, na kamusi aliyokuwa akiikusanya kwa kuwasikiliza watu. Mchungaji akasema, huyo alijua yuko wapi.

Basi tukaanza na lililo karibu. Kanisa lilikuwa na kisima, na katika nchi hii ya matumbawe kisima chenye maji yasiyo na chumvi ni mali. Kilikuwa na kufuli. Baada ya mabishano ya majuma kadhaa kufuli ikaondolewa, ndoo bure kwa yeyote, na Ramadhani foleni ilianza alasiri. Kulikuwa na waliolalamika kwamba kamba inakatika upesi na anayenunua mpya ni sisi. Kweli ilikatika upesi, na tulionunua tulikuwa sisi. Tukaanza kwenda matanga, tunavua viatu, tunakaa mkekani, tunatoa kidogo tulicho nacho, tunaondoka. Wengine wetu wakajifunza Kidigo cha kusalimia. Hakuna Mdigo aliyebatizwa kwa ajili ya kisima, na kama umesikia hadithi ya namna hiyo, muulize anayeisimulia anauza nini. Lakini Machi 2014, watu wenye bunduki walipoingia kanisa moja la Likoni wakati wa ibada na kuua waumini sita, Jumatatu yake ukumbi wetu ulijaa kofia na kanzu. Yule mzee wa msikiti alikuwa ameshapofuka jicho moja. Alishikwa mkono na mjukuu wake, akavua viatu mlangoni mwa kanisa ingawa tulimwambia si lazima, akakaa benchi la mbele, akatuhani.

Watu hunijia kuniuliza Mkristo ni nani na ameitwa kufanya nini ulimwenguni, wakitegemea nitawapa mistari. Mistari wanayo, na simu zao zinaisoma kwa sauti. Mimi huwaambia mtu hujulikana ni wa nani kwa mahali anapokubali kuhesabiwa. Bwana tunayemhubiri hakuipita Nazareti kama abiria: alikaa, akafanya useremala, akaenda arusini na msibani. Aliyetumwa naye hawezi kukaa mahali miaka thelathini kama mtu aliyekuja kuchukua shuka chafu.

Ndiyo maana nimewaambia wazee wa ukoo kwamba mimi na bibi yako tutazikwa hapa, kwenye kipande cha makaburi nyuma ya kanisa, karibu na kisima. Wamenuna, na mjomba wako mkubwa hajapokea simu yangu tangu Pasaka. Anasema mtu huzikwa kwao. Nami sina ugomvi naye, maana na mimi nasema hivyohivyo. Zitakapoitishwa pesa za gari la kupandisha maiti Machakos, ambazo najua zitakuwa maelfu kwa makumi, usitoe. Nunua kamba mpya na ndoo, na kinachobaki mpelekee mkaza mwana wa yule mama wa mahamri, maana siku hizi yeye ndiye anayekaanga, na kuna deni la kuku ambalo sisi tulilisamehe lakini la mbaazi ni la kwetu.