Fadhila Mezani

Kilosa, mji wa reli kando ya mto Mkondoa, abiria mwenye njaa humwelekea mama lishe kwa neno moja: naomba. "Mama, naomba wali maharage." Fedha anayo mfukoni, na bado anaomba, wala hajidhalilishi, bali anamkweza anayempa chakula.

Kusini, wilayani humo humo, uko Mikumi, mji uliopakana na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Aketipo mezani huko mgeni wa Hispania, akafasiri "quiero agua" neno kwa neno, atasema "nataka maji". Mhudumu atayaleta, lakini moyo wake utakuwa umenyong'onyea. Na mgeni hakukosa adabu. Kwao nako "quiero" ni neno kavu, muungwana husema "quisiera", yaani ningependa, au huuliza: "¿Me trae agua, por favor?" Waniletea maji, tafadhali? Kuuliza huko ndiko kuomba kwake. Bahati mbaya, tafsiri imekuacha njiani.

Hata hivyo lugha hizi mbili zina udugu. "Azúcar" na sukari ni watoto wa neno moja la Kiarabu. "Por favor" maana yake ni kwa fadhila. Na tafadhali ya Kiswahili imechipuka katika shina moja na fadhila hiyo. Atamkaye mojawapo anakiri jambo lile lile: bei hununua maji, hainunui mkono unaoyaleta.