Kutembea Juu ya Barafu Huko Iceland

Leo twende mbali kidogo, hata kisiwa cha Iceland, kaskazini kabisa ya Ulaya. Wageni wengi huizunguka nchi ile kwa motokaa iliyofanywa chumba: kitanda nyuma, jiko dogo la gesi kando, na vyakula chini ya kitanda. (Kina mama, msiulize mvuke wa sufuria unapita wapi. Mlango hufunguliwa, na baridi huingia!) Barabara kuu huzunguka kisiwa chote, yapata kilomita 1,300. Usiku huruhusiwi kulala popote upendapo. Sharti uingie katika uwanja uliowekwa kwa kazi hiyo.

Ukitoka Reykjavík, mji mkuu, ukafuata pwani ya kusini mwendo wa kilomita 160 hivi, utaona ulimi wa barafu unashuka mlimani. Jina lake Sólheimajökull. Usidhani ni mweupe kama kilele cha Kilimanjaro kionekanavyo kwa mbali. Umepakwa majivu meusi, maana chini ya barafu kubwa inayouzaa umelala mlima wa moto uitwao Katla, uliolipuka mwaka 1918.

Hapo motokaa inabaki, na kiongozi anakupokea. Anakupa kofia ngumu, sururu ndogo, na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Kisha anakufundisha kutembea upya, wewe mtu mzima: panua miguu, meno yasije yakanasa suruali, kanyaga kwa unyayo wote, fuata nyayo zake. Yeye hutangulia, akipima kwa macho na kuchonga vidato kwa sururu. Njia ya jana huenda leo haifai, kwa kuwa barafu ile husogea polepole kama uji mzito, na huku inayeyuka. Ufa uliovukwa kwa hatua moja waweza kupanuka. Maji yanayotiririka juu hutoboa visima virefu vyenye kuta za buluu, vizuri kutazama, lakini si vya kukaribia bila ruhusa. Ndiyo sababu hata mwenye nguvu za simba hashauriwi kupanda bila kiongozi.

Mimi niliyesomea ualimu napenda zaidi habari ya watoto wa shule ya Hvolsvöllur, mji mdogo ulio karibu. Tangu mwaka 2010 wanafunzi wa darasa la saba hufika pale kila mwaka pamoja na mwalimu, wakapima ulimi umerudi nyuma kiasi gani. Si kwa kusoma kitabuni, bali kwa vipimo mikononi mwao. Tangu walipoanza umerudi mamia ya mita, na mbele yake limezaliwa ziwa. Wageni nao hutembea mbali zaidi kabla ya kufunga yale meno ya chuma.

Watoto waliopima mwaka ule wa kwanza sasa ni watu wazima. Wakirudi kupatafuta pale barafu ilipoishia siku ile, watakuta maji.