Gitaa la Magotini na Bei ya Haki

Amri ya saba haimkatazi mwizi wa usiku peke yake. Yamkataza pia mnunuzi ajuaye thamani ya kitu, akanyamaza mbele ya muuzaji asiyeijua.

Hapa kwetu Lac Vert mnunuzi alimfikia mama mjane, akitaka gitaa kuukuu la marehemu mumewe. Akasema, “Hili ni bovu, nyuzi zimeinuka mno, hazibanwi kwa kidole.” Akatoa bei ya kuni. Mama akaniita nilitazame.

Shingo yake ni ya mraba, mistari ya sauti imechorwa tu, na nyuzi ziliinuliwa tangu kiwandani. Basi si bovu. Ni gitaa la Hawaii, hulazwa magotini, na mpigaji huteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Ya umeme yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1932. Ndani, mgongoni pa kifungo cha sauti, nilisoma 1376112: 137 ni alama ya kiwanda cha CTS, 61 ni mwaka 1961, 12 ni juma. Kifungo kikiwa cha asili, gitaa halikumalizika kabla ya hapo.

Nikamwambia, “Mama, usilipake rangi mpya, wala usibadili sumaku yake: thamani itashuka. Uliza kwanza wanunuzi wengine wawili watatu.”

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kununua kitu chini ya thamani yake ni dhuluma, sawasawa na kukiuza kupita thamani. Tuliojaliwa kujua, tumjulishe maskini kwanza, ndipo tufungue mfuko.