Kaa wa Mtoni na Upofu wa Nyanza

Wako watu wadhanio ya kuwa kazi ya idara ya afya ni kutoa dawa na kufunga vidonda basi, na kwamba mtu ashindaye mbele ya hadubini akichungulia wadudu anakula mshahara wa bure. Fikira hiyo haitoki kwa wajinga peke yao. Hata wenye kugawa fedha za umma huwa nayo. Basi yafaa kila alipaye kodi ayatazame mambo yaliyotukia Nyanza.

Yuko usubi mweusi, mdogo kuliko nzi, aumaye mchana kando ya mito yenye maji ya kasi na kivuli cha miti. Huyo huchukua vijinyoo kutoka kwa mtu mmoja na kumtia mwingine. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi, na watoto wake husambaa mwilini. Ngozi huwasha usiku kucha, hukunjamana kabla ya uzee, na vijinyoo vikifika machoni mtu huona ukungu, kisha giza. Aliyeumwa zaidi ni yule aliyelima karibu na mto, kwenye udongo mzuri. Yaani bidii yake ndiyo iliyomponza.

Katika bonde la Kodera, mahali ambapo leo ni Kaunti ya Homa Bay, wataalamu wawili, Garnham na McMahon, walianza mwaka 1946 kutia dawa ya DDT mitoni. Usubi akatoweka. Ajabu ni kwamba wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua mabuu yake yalikaa wapi. Mabuu ya usubi wa aina nyingine hushika mawe na majani yaliyo majini; ya huyu, aitwaye Simulium neavei, yalitafutwa yasionekane. Ilikuwa kama kumpiga nyoka gizani na fimbo ikampata.

Mwaka 1950 ndipo Van Someren na McMahon walipotangaza kwamba mabuu hayo hushikamana na mwili wa kaa wa mtoni. Nani angalifikiri kumgeuza kaa na kumkagua? Lakini tangu hapo ikawezekana kuvua kaa na kujua kama mto una usubi au hauna, na baada ya kutia dawa kuvua tena na kuona kama kazi imekwisha. Hivyo ndivyo mito mingine ya Nyanza ilivyoshughulikiwa katika miaka ya 1950. (DDT haitumiwi tena namna hiyo; utafiti mwingine umeonyesha madhara yake kwa samaki na ndege.)

Hata hivyo elimu ya wataalamu peke yao haitoshi. Ili kujua nani ana ugonjwa, hukatwa kipande kidogo sana cha ngozi, kikatiwa majini, na vijinyoo vikitoka huonekana kwa hadubini. Mama amwonaye mgeni akimkata mtoto wake ngozi, wala hapana amwelezaye sababu kwa lugha yake, ana haki ya kumfukuza. Kwa hiyo msaidizi ajuaye kusoma hadubini na kuzungumza Kijaluo vizuri ana thamani kubwa kuliko sanduku zima la dawa.

Tena kuna subira. Mnyoo mzima waweza kuishi zaidi ya miaka kumi mwilini. Mtu ambaye angalipima wazee wa Kodera mapema angalisema dawa imeshindwa na fedha zimepotea. Waganga walirudi miaka 9, 11 na 18 baada ya usubi kwisha, wakatangaza matokeo mwaka 1967. Hawakuwatazama wazee tu, bali hasa watoto waliozaliwa baada ya usubi kutoweka. Ngozi za watoto hao zilikuwa safi.