Kardani Yetu na Sentimetri Tano

Kila mtu wa interna anakumbuka ile juma tulibeba unga kichwani toka soko. Wengi walisema ni kosa ya fundi. Hapana. Kosa ilikuwa yetu sisi wa mekanika, na leo tunaiandika wazi.

Kamyoneti ya masomo ilikuwa imepewa bwati ya vitesi ya gari ingine, njo maana kardani ya zamani haikufaa tena. Tulitumwa kupima nafasi toka bwati mpaka ponti ya nyuma. Gari ilikuwa juu ya kriki, magurudumu yananing'inia. Tukapata sentimetri 120. Tukaandikia fundi wa mjini: kardani ikiingizwa yote ndani iwe 119. Hatukumwambia gari ilikuwa namna gani. Yeye akatengeneza 119 kamili.

Ikaingia vizuri, tukapiga makofi. Lakini tulipoteremsha kriki, ko! Kumbe magurudumu yakikanyaga chini, ponti inapanda na nafasi inapunguka. Kardani ikafika mwisho, ikaanza kusukuma bwati. Kama tungetembeza gari hivyo, shimo ya kwanza ya barabara ingeharibu rulema ya bwati.

Ekonoma akasema fundi asilipwe. Sisi tukanyamaza siku mbili. Siku ya tatu mzee akafika mwenyewe kwa miguu. Hakugombana. Aliuliza tu: "Batoto, mulipima gari ikiwa juu ao chini?" Tukaangaliana. Kisha tukafungua daftari yetu mbele yake, na tukaenda naye kwa Ekonoma kusema ukweli. Ile njia ya kwenda biro ni fupi, lakini siku ile ilikuwa ndefu sana.

Tukapima upya, gari chini: 118 ikiwa tupu. Tukapakia mifuko ya mchanga, ikawa 117. Fundi alitaka kubaki sentimetri 3 za kucheza. Basi kardani iwe 114, maana yake kukata 5. Mbele ya kukata alichora mstari wa chaki toka mwisho mmoja mpaka mwingine. Tukauliza juu ya nini. Akaeleza: kiungo cha kardani kikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja, unakaza na kulegea mara mbili kwa kila mzunguko. Kiungo cha pili kinasahihisha ile kosa, lakini ni lazima uma za pande mbili zikae kwa mstari mmoja. Zikipotoka, gari yote inatetemeka. Alipomaliza kusuda, akaizungusha kwa turi kuona kama haikupinda.

Jina kardani linatoka kwa Gerolamo Cardano, mwenye elimu wa Italia (1501–1576). Hilo tulilijua darasani. Kupima gari ikiwa na mzigo wake hatukulijua.

Fundi alilipwa yote. Kazi ya kukata tuliilipa sisi, kwa kulima shamba ya masomo Jumamosi tatu. Alipoaga alisema: "Muna bahati. Ndefu inakatwa, fupi inanunuliwa upya."

Ndugu, ukiandika hesabu, andika pia ulipimaje. Na ukikosa, usiache mwingine abebe kosa yako, hata siku mbili.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tano, mekanika.