Kadi ya Usharika

Zamani, ukitaka kujua Mchaga anasali wapi, ilitosha kumuuliza kwao ni wapi. Machame, Mlutheri. Kibosho, Mkatoliki. Marangu, Mlutheri. Kilema, jirani zao wa kuchungulia, Wakatoliki. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mapadri wa Roho Mtakatifu wakashika Kilema na Kibosho, na wamangi, machifu wetu, wakagawa viwanja kwa hesabu zao wenyewe, ambazo mara nyingi zilihusu zaidi ugomvi wao na mangi jirani kuliko mambo ya mbinguni. Mangi akishampa Mzungu kiwanja, dini ya wajukuu wa watu wake ilikuwa imeshaamuliwa.

Mimi ni wa Machame. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara baada ya kukariri Katekisimu Ndogo ya Luther mpaka nikawa naitamka usingizini, na jina langu likaingia kwenye daftari lilelile la usharika lenye jina la baba na la babu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mahubiri yananigusa. Yalikuwa marefu, mabenchi hayakuwa na egemeo, lakini kulalamikia ibada kungekuwa kama kulalamikia mvua.

Tulichokisubiri sisi watoto ni mnada. Asiyekuwa na fedha alitoa mayai, mkungu wa ndizi, kuku, au maziwa kwenye kibuyu, na ibada ikiisha mzee wa kanisa alisimama nje akavinadi. Palikuwa na mama mmoja ambaye kila mara alimnunua kuku wake mwenyewe, yule aliyemtoa asubuhi, tena kwa bei ya juu kuliko ya sokoni. Kuku akarudi nyumbani amefungwa miguu vilevile. Nadhani kuku yule alihudhuria ibada zaidi kuliko baadhi ya baba zetu.

Upande wa pili wa kanisa lile ulikuwa mkali. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa na Meza ya Bwana, mpaka siku ya kurudi kundini, asimame mbele ya macho ya watu wote. Mwanamume aliyehusika mara nyingi alikuwa amekaa benchi la tatu, anaimba. Leo binti huyo angevuka barabara akasali kwingine. Wakati ule hapakuwa na barabara ya kuvuka, ndiyo maana watu wanaposifia kanisa la zamani lisilokuwa na kuhamahama, mimi huwa nakaa kimya.

Kusema kweli hatukuwa tunachagua chochote. Redio ilikuwa moja, chama kimoja, na kwenye duka la serikali la RTC ulipanga foleni ukachukua sabuni iliyopo, siku ikiwepo. Alipoingia Ikulu Mzee Mwinyi mwaka 1985, yule tuliyemwita Mzee Ruksa, milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Madukani kukaja sabuni za rangi zote. Mwaka 1992 vikaja vyama vingi, kisha redio za watu binafsi na televisheni. Sioni ajabu kwamba makanisa mapya nayo yalishamiri miaka hiyohiyo: Askofu Kakobe alianzisha lake Dar es Salaam mwaka 1989, Askofu Moses Kulola akajaza viwanja mikoa mbalimbali. Wapentekoste walikuwepo nchini tangu zamani, lakini mimi niliwaona kwa macho nilipohamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Niliwakuta madarasani, kwenye kumbi za sinema, chini ya maturubai, spika zikielekea barabarani.

Kabla ya watu kuhama, masikio yalitangulia. Kwenye daladala ulisikia kaseti ya kwaya ya AIC Chang'ombe, ikiisha inawekwa ya Uinjilisti Kijitonyama ambao ni Walutheri, na dereva ni Mwislamu. Kisha wakaja walimu wasiomtaka mtu ahame. Mwalimu Christopher Mwakasege ni wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, mpaka leo, lakini semina zake katika viwanja vya Biafra, Kinondoni, zilijaa watu wa kila dhehebu na madaftari yao, kila mmoja akiandika kama anajiandaa na mtihani. Ukitoka pale Jumapili jioni, ukirudi usharikani kwako wiki inayofuata, unaanza kulinganisha. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mtu akishalinganisha mara moja, haachi.

Siku hizi Jumatatu kazini ni kama watu wametoka kutembelea nyumba za kupanga. Kule wana viyoyozi, watoto wana darasa lao, saa nne mko nje. Yule mchungaji anafundisha vizuri, lakini michango imezidi. Pale hapana pa kuegesha gari. Sharika zetu nazo zimesikia: kuna ibada ya alfajiri kwa wenye haraka, ya Kiingereza kwa vijana, kinanda cha umeme na timu ya kusifu na kuabudu, na lipa namba inawekwa kwenye skrini ili asiyebeba noti asipate kisingizio. Mimi mwenyewe ni wa ibada ya kwanza, na sitaki mtu aniulize kama ni kwa sababu ya imani au ya foleni ya magari.

Watu wakitafuta uponyaji, hata dhehebu haliulizwi. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo. Magari yalipanga msururu wa kilomita na kilomita, Wakatoliki, Walokole na Waislamu ndani ya basi moja. Hakuna aliyeombwa kadi ya usharika.

Kadi huombwa kwenye msiba.

Shangazi yangu aliishi Tabata, na kwa miaka mingi alisali kwenye kanisa la kiroho lililoanzia chini ya turubai. Alikuwa na furaha huko, tuliiona. Alipofariki, mchungaji wake alifika usiku uleule na kina mama wa maombi, wakashika majiko, wakaimba mpaka asubuhi. Lakini mwili ulikuwa unakwenda Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kule anayezika ni usharika. Kikao cha ukoo kikampigia simu mzee wa kanisa, ikawekwa spika.

"Poleni sana, ndugu zangu. Kadi yake ipo?"

Ilikutwa ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara mbili. Visanduku vya juu vya ahadi ya kila mwezi vilikuwa na sahihi ya mhasibu kwa wino wa bluu. Vya chini vyote vitupu.

"Mzee, tuhesabie ahadi yake yote, tutalipa," alisema baba mdogo, ambaye mwenyewe hakuwa ameonekana kanisani tangu Krismasi.

"Si suala la fedha, ndugu yangu," mzee alijibu. Kisha akataja kiasi.

Kilichangwa palepale, nusu kwa simu. Simlaumu mzee yule. Wanaochimba kaburi, wanaopiga kengele, kwaya inayosimama juani, ni watu wa jumuiya wanaolipa ahadi zao kila mwezi na kuzikana wenyewe kwa wenyewe. Aliyeko Dar es Salaam huwakumbuka akiwa ndani ya jeneza. Siku ya mazishi mchungaji wa usharika aliongoza ibada, na yule wa Tabata akapewa dakika tano za salamu. Alitumia kama ishirini, na hakuna aliyemkatiza.

Tuliporudi mjini, binti wa shangazi alinipigia. Anasali palepale alipokuwa anasali mama yake, na hana mpango wa kuhama.

"Kaka, ahadi ya usharika wa nyumbani inaweza kutumwa kwa simu?"

Nikampa namba ya mhasibu. Akasema nisubiri aandike, maana alitaka alipie na ya mdogo wake aliyeko Marekani, asiyesali popote.