Visiwa vya Kisale na makaburi ya Sanga

Mtu akitaka kujua mambo ya zamani ya kisiwa, kwingine huonyeshwa mapango na kuta zilizobomoka. Kwenye ziwa Kisale hutaona hata ukuta mmoja. Visiwa vyenyewe ni mafunjo yaliyoshikana mizizi. Vinaelea, na wavuvi wanajenga vibanda juu yake, wanawasha moto, wanakausha samaki. Upepo ukivuma sana, kisiwa kinahama pamoja na jamaa yote.

Kutoka hapa Kamina ni treni mpaka Bukama, kisha unashuka Lualaba kwa mtumbwi. Mbu ni wengi, mbebe chandarua.

Historia iko ukingoni, chini ya udongo, pale Sanga. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi mengi huko. Miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea. Mengi yana umri wa miaka 700 hadi 1000. Watu walizikwa na vyungu, majembe ya chuma, bangili na mikufu ya shaba. Sasa, Kisale hakuna shaba. Ilitoka mbali, kusini, kule kwenye machimbo. Waliilipa kwa nini? Mimi nasema kwa samaki mkavu, kwani hata leo samaki wa Kisale ndiye anayepanda treni kwenda miji ya shaba.

Makaburi ya baadaye yana misalaba ya shaba. Kwanza ilikuwa mikubwa, ikawekwa kifuani. Polepole ikawa midogo, ya kipimo kimoja, ikawa feza ya kununulia. Ndiyo ile mitatu ya bendera ya Katanga ya 1960.

Lakini kilichonishika mimi ni makaburi ya watoto. Vyungu vyao vilifuata umri: mtoto mdogo, chungu kidogo, aliyekua, chungu kikubwa zaidi. Basi kuna mtu aliyekaa chini, akiwa na msiba, akafinyanga udongo kwa kipimo cha mtoto yule. Watoto wetu darasani wanataja Farao wa Misri bila kukosea, na huyu mfinyanzi wa Lualaba hawamjui.

Wenye jamaa Kinkondja na Malemba-Nkulu, waambieni: jembe likitoa kichungu kama hicho, au msalaba, wasikivunje, wala wasikiuze kwa mpita njia. Wakirudishe palepale, wafunike, wamwite mkubwa wa kijiji.